Gari Lisilozimwa

"Shemeji, hivi hilo gari linamngoja nani?"

Prokopi aliuliza swali hilo akiwa amesimama upande wake wa uzio, ndevu zimemganda kama ufagio, mikono kaifutika ndani ya glavu za manyoya ya mbwa. Yalikuwa majira ya baridi ya kwanza tangu Gavril afariki. Akulina alikuwa anachonga barafu ya mto kwa shoka ili ayeyushe maji ya chai, na nyuma yake gari la marehemu mumewe lilikuwa linaunguruma peke yake. Halikuwa na dereva wala safari, na lilikuwa hivyo tangu Oktoba.

 Akulina alikusanya vipande vyake kwenye karai, akaingia ndani.

 Pale kijijini Arilakh, mtu asiye na gereji yenye jiko ana mambo mawili tu ya kuchagua. Ama alilaze gari lake theluji inapoanza, alifunike vizuri na alisahau mpaka Machi, ama aliwashe na asilizime tena, mchana na usiku, anakula, analala, anaugua, lenyewe linanguruma tu pale uani. Ukilizima saa chache katika baridi ya Januari, oili inakuwa kama nta, chuma kinakuwa chepesi kuvunjika kama biskuti, na bila kulipasha moto kwa saa nyingi, gari ndiyo limekwisha habari yake. Wenye busara ya mfuko hulaza magari yao. Gavril hakuwahi kulaza lake hata mara moja, na mkewe alipobaki peke yake alijikuta anafanya vilevile. Alilijaza mafuta asubuhi, akaligusa ubavu kama mtu anavyomgusa ng'ombe, akaenda kusali.

Gari lenyewe waliliita Mkate, kwa sababu lilikuwa na umbo la mkate wa sinia, refu na butu mbele na nyuma. Lilikuwa kuukuu kuliko mtoto wao. Mlango wa kushoto ulitoka kwenye gari la posta lililotupwa, kiti cha nyuma kilitoka kwenye basi la shule, na madirisha yote Gavril aliyabandika kioo cha pili kwa ndani ili yasishike ukungu. Injini yake haikuwa mbele kama ya magari mengine. Ilikaa ndani, kati ya dereva na abiria, chini ya kifuniko cha bati, kwa hiyo ukisafiri nayo miguu inapata joto na masikio yanapata taabu.

Jibu la swali la Prokopi lilikuja lenyewe, majira yaleyale ya baridi. Mkewe Dariya alishikwa na tumbo, akawa kijani usoni. Gari la Prokopi lilikuwa limelala chini ya turubai, limefukiwa na theluji mpaka kwenye vioo. Alitoka mbio bila kofia kuja kugonga kwa Akulina, akamkuta ameshavaa viatu vyake vya manyoya ya paa na anatafuta kitambaa cha kichwa. Walimfikisha Dariya hospitali ya wilaya kwa njia ya barafu juu ya mto ulioganda, Akulina akishika usukani kwa mikono miwili na kutaja jina la Mama wa Mungu kwenye kila ufa.

Tangu siku hiyo Prokopi hakuuliza tena. Badala yake kila Jumamosi alikuja na spana zake, akainamisha sikio kwenye kile kifuniko cha bati.

"Linakohoa, shemeji."

"Hata wewe unakohoa, na hatujakutupa."

"Mimi nina mke wa kunipikia mchuzi. Hili lina nani?"

"Lina wewe. Hebu safisha hizo plagi, uache maneno."

Na Mkate ukapata kazi. Ulileta barafu ya maji kwa wajane watatu wa mtaa wa juu. Ulimpeleka mwalimu kujifungua. Sikukuu za kanisa uliwabeba bibi wazee mpaka wilayani kwa padri, maana Arilakh hakuna padri, na hao bibi walikaa kwenye kiti cha basi la shule wakiimba, wamebanana kama samaki waliogandishwa kwenye gunia.

*

Aliyeliuliza swali lile mara ya pili alikuwa binti yake.

Kunnei alikuwa anakaa mjini, nyumba ya ghorofa yenye mabomba ya moto ukutani, na mume wake Vadim, kijana wa kusini kwenye mashamba ya zabibu. Mwezi wa Septemba, miaka michache baadaye, alikuja kumsaidia mama yake kuchimba viazi. Walipokaa kunywa chai ya maziwa akasema, "Mama, hilo gari linamngoja nani? Baba hayupo. Njoo ukae na sisi."

"Kanisa lipo mjini, najua," Akulina akasema. "Na kaburi la baba yako je, lipo mjini?"

"Mama, una miaka sabini. Unaendesha bati bovu juu ya mto. Likikuzimikia katikati ya njia?"

"Atapita mtu. Hakuna anayelipita gari lililosimama njiani kwenye baridi."

"Hata kwa baba alipita mtu!" Kunnei akasema.

Gavril alikufa kwenye usukani. Moyo ulisimama, akaliegesha gari pembeni ya njia ya barafu kama mtu mwenye adabu zake, akainamisha kichwa. Waliomkuta walisema injini ilikuwa bado inawaka na marehemu alikuwa bado vuguvugu. Akulina alimshukuru Mungu kwa hilo kila jioni: gari halikukubali mumewe apoe peke yake. Alikuwa hajawahi kumwuliza binti yake jambo lilelile yeye analionaje.

Siku ile ya viazi hakuuliza pia. Alimtazama mtoto, akamhurumia. Akasimama mbele ya picha takatifu pale pembeni, akafanya ishara ya msalaba.

"Basi sikiliza. Siku Mkate utakapokataa kuwaka, nitafunga mizigo yangu nije. Nimesema mbele ya Huyu."

Kunnei alimjua mama yake. Neno alilolisema pale mbele ya picha halikurudi nyuma hata kwa trekta.

*

Wakaja tena kwa ajili ya Noeli, Kunnei na Vadim, na machungwa na kitambaa kipya cha kichwa. Vadim alikuwa mtu wa kucheka. Alikula samaki mbichi aliyechongwa vipande vyembamba akiwa bado barafu, akafumba macho, akasema ni kama kutafuna kioo kitamu. Jioni alitoka kulitazama gari linavyofuka moshi katika ukungu, akarudi kope zimenata.

"Mama, kweli hulizimi? Hata ukilala?"

"Nalala kwa sababu linaunguruma," Akulina akamjibu.

Bibi wazee walikuwa wamekwisha kupatana na Akulina. Kesho yake, mkesha wa Noeli, baada ya chai wangekuja na vikapu vyao, safari ya kanisani. Kunnei aliyasikia hayo yote akiwa anaosha vyombo.  Akulina aliona kuwa kikombe kimoja amekiosha mara mbili.

Asubuhi Akulina aliamshwa na ukimya.

Alikaa kitandani akasikiliza. Jiko lilikuwa linatafuna kuni zake. Saa ya ukutani ilikuwa inatembea. Nje hapakuwa na kitu. Alijifunga koti, akatoka hata bila kufunga vifungo, na baridi ikamshika puani kama koleo. Mkate ulikuwa umesimama mahali pake, mweupe mpaka ndani ya vioo. Aliweka kiganja ubavuni, akakitoa upesi kabla hakijanata. Baridi. Siyo baridi ya sasa hivi, ni ya saa nyingi.

Lakini aliona jambo. Lile blanketi zito la manyoya ya farasi ambalo hufunika pua ya gari lilikuwa limeteremshwa mpaka chini, na kamba zimefungwa pande zote mbili vizuri, ncha zimeingizwa ndani. Akasimama akaziangalia zile kamba.

"Shemeji!" Prokopi alikuwa anavuka uzio, suruali mguu mmoja ndani ya kiatu, mwingine nje. "Nimeamshwa na kimya chako. Nimemwambia Dariya, ama nimekuwa kiziwi ama kuna msiba kwa jirani."

"Limezimika."

"Limezimika au limezimwa?" Akaingia ndani ya gari, akatoka. "Ufunguo umegeuzwa. Mafuta yapo. Limezimwa hili!"

Mlango wa nyumba ukafunguliwa, Vadim akatoka na koti la mjini, shingo nje kama bata.

"Ni mimi, mama," alisema. "Nilitoka kuvuta sigara. Nikaona linachoma mafuta bure... nikalizima. Nilidhani nasaidia. Nisamehe."

Prokopi alimtazama juu mpaka chini.

"Bwana mkwe," akasema, "huko kwenu mkimhurumia mtu mnamzima pumzi ili apumzike?"

"Sikujua, mzee."

"Hukujua! Mtoto wa zabibu! Shika hili koleo. Fukua theluji ya chini yote, mpaka nione ardhi. Ukihisi masikio yanauma, furahi. Yakiacha kuuma, niite."

Wakaanza kazi ambayo kila mtu wa Arilakh ameifanya au ameitazama utotoni. Waliliviringishia gari turubai mpaka chini kama sketi. Prokopi alileta jiko lake dogo la petroli, lile linalotema moto kwa mdomo mmoja, akaliunganisha na bomba la bati, akauelekeza mdomo wa bomba chini ya injini, siyo karibu sana, maana ukiharakisha chuma kinapasuka. Dawa ya kuzuia maji kuganda ilikuwa imegeuka uji, lakini haikupasua kitu. Gavril hakuwahi kuweka maji matupu. Oili ilibidi ingojewe. Prokopi alilala chali kwenye ubao, akawa anapiga sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, huku akimsema Vadim kwa sauti, na Vadim akicheka huku meno yanagongana. Akulina alimwona kijana huyo anafukua theluji kwa bidii ya mtu anayelipa deni lisilo lake.

Kwa nini hakuna aliyemwita Kunnei? Na Kunnei mwenyewe, aliyezaliwa kwenye nyumba hii, yuko wapi?

Prokopi akainuka, akaingia upande wa abiria, akainua kiti.

"Sasa tuone kama betri imepasu... Lo!" Kichwa chake kikatokeza. "Shemeji, betri haipo. Kumbe ni mwizi! Bwana mkwe, ulipozima uliona mtu yeyote hapa?"

"Betri gani?" Vadim akauliza.

Aliuliza kwa moyo mweupe kabisa. Akulina alimtazama, kisha akasogea akachungulia chini ya kile kiti. Nyaya mbili zilikuwa pale, kila moja imefungwa kitambaa chake kwenye ncha ili zisigusane. Kitambaa kimefungwa mara mbili, kikavutwa chini.

"Siyo mwizi," akasema. "Endelea kulipasha moto, Prokopi."

"Nitalipashaje moto gari lisilo na—"

"Endelea, nimekwambia."

*

Akaingia ndani, akavua viatu. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko, mahali kuni zinapokaukia. Koti kuukuu la Gavril lilikuwa limetandazwa pale juu ya kitu cha pembe nne. Akalifunua. Betri ilikuwa imekaa juu ya ubao, isiguse sakafu, umbali ule ule kutoka kwenye jiko ambao Gavril alikuwa akipima kwa shubiri zake. Ilikuwa na joto kama mtoto aliyelala.

Akulina akakaa juu ya gogo.

Zamani, Gavril alipokuwa anasafiri kwenda kambi za wafugaji na kulala ugenini bila kuacha gari likiwaka, kitu cha kwanza kuingia kwenye nyumba ya mwenyeji kilikuwa betri. Kabla ya samaki, kabla ya zawadi, kabla ya salamu. Alimfundisha hivyo binti yake tangu alipoweza kubeba. "Betri kwanza, ndipo wewe," alikuwa akimwambia, na yule mtoto anaingia amelikumbatia lidude lile kifuani, mashavu mekundu, anajiona mkubwa wa dunia.

Mtu wa kusini angezima gari akaenda kulala. Mtu mwenye nia mbaya angezima akaacha betri igande ipasuke, na mambo yangekuwa yamekwisha kwelikweli. Huyu alizima ili gari life, kisha mikono yake yenyewe ikateremsha blanketi, ikafungua nyaya, ikazifunga vitambaa, ikamleta mgonjwa karibu na moto.

 Hasira ilimjia Akulina, akaiona inavyokuja, akaiacha ipite. Kisha akanawa mikono, akakoroga unga na maziwa, akaanza kukaanga chapati laini za sikukuu. Ya kwanza akaitupa motoni, jiko lipate chake. Padri alikuwa amewahi kumkemea kwa hilo, naye alimwambia, "Baba, Mungu ndiye aliyeuumba moto, wivu wa nini?"

Baadaye akainua betri, akaiweka mezani juu ya gazeti, kando ya bakuli la malai. Akapanda kwenye kigoda, akaishusha ile picha takatifu, akaanza kuizungushia kitambaa kipya cha kichwa.

Mlango wa chumba ukafunguka. Kunnei alikuwa amevaa tayari, macho yamevimba.

"Mama, unafanya nini?"

"Nafunga mizigo."

Kunnei aliona betri. Akashika mwimo wa mlango.

"Vadim amekwisha kuungama huko nje," Akulina akasema, akiendelea kuzungusha kitambaa. "Anafukua theluji masikio yamekuwa kama nyanya. Mume wako hajui kudanganya hata kidogo, lakini ni mume mzuri. Mtunze."

"Aliniona narudi kitandani. Nilikuwa baridi mwili mzima." Akauachia mwimo. "Mama, mimi sikutaka... Nilitaka tu uje. Kila simu ikilia majira haya, moyo wangu unaruka. Nasema ndiyo hii, wamemkuta. Wamemkuta kama baba, gari linawaka na yeye ndani. Nasikia ule mngurumo hata mjini, mama. Nalala nausikia."

Akulina akaacha kitambaa. Miaka yote hiyo mngurumo mmoja, yeye unambembeleza, mtoto wake unamkosesha usingizi, na hawajawahi kuambiana.

"Hukuniambia."

"Ungesema Mungu atakulinda."

"Ningesema," Akulina akakubali. "Na ningekupa chai. Kaa ule."

Kunnei hakukaa. Mlango wa nje ukagongwa, ukasukumwa, na Prokopi akaingiza kichwa pamoja na wingu la mvuke.

"Shemeji, oili imelainika! Nimezungusha injini kwa mkono wa chuma, inazunguka, anapumua yule mzee! Sasa niende kwa nani nikaazime bet..." Akaiona mezani, katikati ya chapati. Akamtazama Akulina, akamtazama Kunnei. Ndevu zake zilianza kudondosha maji. "Nitakuwa nje," akasema polepole, akafunga mlango kwa adabu ambayo Akulina hakuwahi kuijua kwake.

 Nje sauti za wanawake zilisikika zinakuja njiani: bibi wazee na vikapu vyao, wanauliza mbona Mkate umevaa sketi.

"Sikiliza, mwanangu," Akulina akasema. "Neno langu nililisema mbele ya Huyu, na sitalimeza. Nilisema siku utakapokataa kuwaka, nakuja. Sikusema siku utakapozimwa. Lakini sitabishana na wewe kwa maneno, maana wewe ni mtoto wangu na unaogopa. Mimi betri hiyo nimeifikisha mezani kwa taabu, mpaka nje siwezi, mgongo haunipi. Prokopi nimemwacha nje makusudi. Ikikaa hapo mezani mpaka injini ipoe tena, nitapanda gari lenu, nitakaa kwenye chumba chenu chenye mabomba, wala sitakulaumu hata siku moja. Mungu anisikie."

"Na ikitoka?"

"Ikitoka, nitawapeleka wale bibi kanisani. Na nikifika nitakupigia simu, na nikirudi nitakupigia tena, kila safari, mpaka unichoke. Hilo nilitakiwa kulifanya zamani. Kosa langu."

Kunnei alitazama betri. Kwenye ubavu wake baba yake alikuwa amechora mstari mweupe wa rangi, upande wa kukabili dereva, ili mtu akiirudisha gizani asikosee.

"Niliiingiza bila kufikiri," alisema kwa sauti ndogo. "Nilizima, nikasema basi, imekwisha. Halafu nikajiona nimeshika spana."

"Najua."

"Nilikuwa nalia huku nafunga vile vitambaa."

"Najua, mama yangu. Vimefungwa vizuri."

Akulina akageuka upande wa jiko, akamimina unga mwingine kwenye kikaango, asimtazame, mtoto asije akaona shingo yake inavyosikiliza. Alisikia koti la Gavril linaokotwa nyuma ya kuni, linapigwapigwa vumbi. Alisikia mikono mirefu mno ya lile koti inakunjwa. Akasikia gazeti linachakacha mezani, na pumzi ya mtu anayenyanyua kitu kizito na kukiegemeza kifuani.

Akageuka wakati huo tu. Binti yake alikuwa ameikumbatia betri kwa mikono miwili, kidevu juu yake. Alisukuma mlango kwa bega, ukungu ukamwingilia miguuni, akatoka bila kusema neno jingine.